Mlipe Mbwa Wako Ujira, Usimpe Hongo

Juma hili hatutazungumzia mbegu wala mbolea, wala mdondo wa kuku. Tutamzungumzia mfanyakazi mmoja aliyeko katika maboma mengi, anayelala nje mvua inyeshe, jua liwake, asiyedai mshahara, na ambaye aghalabu hakumbukwi ila siku amefanya kosa. Mfanyakazi huyo ni mbwa.

Najua wengine wameanza kucheka. Mbwa naye ni wa kufundishwa? Si hujifunza mwenyewe tu? Ni kweli, hujifunza mwenyewe, na hapo ndipo penye matata. Mbwa anajifunza kila siku, utake usitake. Akila yai la kuku mara moja akaliona tamu, amekwisha jifunza. Akibweka mlangoni wakati wa chakula, nawe ukamtupia ukoko ili anyamaze, amejifunza kwamba kelele huleta ukoko. Akiitwa, akaja, akapigwa fimbo kwa kosa la asubuhi, amejifunza kwamba akisikia jina lake akimbilie kichakani. Basi kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mwalimu wa mbwa ni wewe, wala si lile yai.

Njia nyepesi kuliko zote ya kumfundisha mbwa ni chakula. Haihitaji fedha nyingi. Tonge la ugali na kichwa cha dagaa vyatosha. Lakini chakula hicho hicho, kikitolewa vibaya, humharibu mbwa kabisa. Leo tutaeleza namna ya kukitoa vizuri.

KWA NINI TUJISUMBUE

Wapo watakaosema, "Bwana mifugo, mimi mbwa wangu nataka abweke usiku, basi." Sawa. Lakini hebu tujiulize: siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikitangazwa kijijini, ni nani atakayemleta mbwa wako pale kwenye mti? Siku hizo tunaona mambo yale yale kila mahali. Mbwa wengine wanaletwa kwa utulivu, wamefungwa kamba, wanachanjwa, wanarudi nyumbani. Wengine wanaburutwa huku wanauma. Na wengine hawaletwi kabisa kwa kuwa hakuna mtu nyumbani anayeweza kuwashika. Mbwa asiyeshikika hachanjiki.

Na jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila watu 100 wanaopata kichaa cha mbwa, karibu 99 wameambukizwa na mbwa. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao huku Afrika na kule Asia, na karibu 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, tumaini la kupona ni kama halipo. Lakini kinga ipo. Wataalamu wanatuambia kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea mahali hapo.

Sasa mnaona. Tonge la ugali tunalolizungumzia leo ni kwa ajili ya yai na mbuzi, ndiyo, lakini pia ni kwa ajili ya mtoto wako na wa jirani.

UJIRA NA HONGO

Hebu tufikiri kidogo. Kuna tofauti gani kati ya ujira na hongo? Ujira hufuata kazi. Mtu amelima, amemaliza kipande chake, analipwa. Hongo hutangulia kazi. Mtu anaonyeshwa fedha kwanza ndipo asimame atimize wajibu wake. Na mtu aliyezoea hongo, siku asipoiona, hasimami.

Mbwa ni hivyo hivyo. Ukimwita mbwa huku umeinua kipande cha nyama, "Njoo, njoo, tazama hii," akaja, wewe umempa hongo. Kesho utamwita mkono mtupu, atakutazama, aone mkono hauna kitu, ageukie mambo yake. Utasema mbwa huyu mkaidi. Sivyo. Umemfundisha kutazama mkono badala ya kusikiliza sauti.

Lakini ukimwita kwanza, chakula kikiwa kimefichwa mfukoni au nyuma ya mgongo, akaja, na alipofika ndipo akapata tonge, huo ni ujira. Amejifunza kwamba sauti yako ina faida hata kama haoni kitu. Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Ni kweli. Ila katika mafunzo ya mbwa, mkono ujaze baada ya kazi, si kabla.

Mwanzoni kabisa, kwa siku mbili tatu, unaweza kumwongoza mbwa kwa tonge mkononi ili aelewe unachotaka. Hilo halina ubaya. Kosa ni kuendelea hivyo mwezi mzima.

KANUNI TANO ZA KULIPA

Kanuni ya kwanza: lipa hapo hapo. Mbwa haunganishi jambo la sasa na jambo la dakika tano zilizopita. Tonge likifika papo hapo, anajua limeletwa na nini. Likichelewa, atalihesabia jambo jingine. Umemwambia akae, amekaa, wewe unahangaika kufungua mfuko. Kabla hujaufungua amesimama na kuanza kukurukia. Ukimpa wakati huo, umelipa kuruka. Kwa hiyo chakula kiwe tayari kabla somo halijaanza.

Kanuni ya pili: tumia neno moja la malipo. Chagua neno fupi, kwa mfano "Vema!", au mlio wa ulimi. Siku ya kwanza usimtake mbwa afanye kitu chochote. Sema "Vema!" kisha mpe kipande. "Vema!" kipande. Fanya hivyo mara kumi au kumi na tano. Baada ya siku mbili au tatu utaona akisikia "Vema!" anageuka kutazama tonge liko wapi. Sasa neno hilo limekuwa kama cheti cha malipo. Mbwa akifanya jambo zuri hatua ishirini kutoka ulipo, unasema "Vema!" saa ile ile, naye anajua kazi imekubaliwa, halafu tonge linafuata. Lakini cheti kisicholipwa hupoteza thamani. Ukilisema neno hilo, lipa. Na usilitumie ovyo katika mazungumzo mengine.

Kanuni ya tatu: kipande kiwe kidogo. Ukubwa wa punje ya harage unatosha kwa mbwa wetu wa kawaida. Mbwa hahesabu uzito, anahesabu mara. Vipande kumi vidogo vinafundisha zaidi kuliko pande moja kubwa. Tena kipande kidogo humezwa mara moja, na somo linaendelea.

Kanuni ya nne: toa ujira katika posho yake, si juu ya posho. Kama mbwa wako hula bakuli moja la ugali jioni, chukua sehemu yake, ukate vipande, uvitumie katika somo. Anachobakiwa nacho ndicho atakachokula baadaye. Kwa njia hii hutaongeza gharama, wala mbwa hatanenepa ovyo. Na jambo hili lieleweke: hatusemi mumshindishe mbwa njaa ili ajifunze. Mbwa mwenye njaa kali hana akili ya kujifunza, ananyakua na anauma vidole. Mfundishe kabla ya mlo wake, tumbo likiwa jepesi lakini si tupu kwa siku mbili.

Kanuni ya tano: somo liwe fupi. Dakika tatu mpaka tano, mara mbili kwa siku, zinatosha. Asubuhi kabla ya kwenda shamba, na jioni kabla ya mlo. Maliza mbwa akiwa bado anataka kuendelea. Ukiona anapiga miayo, anatazama pembeni au ananusa chini, umepita kiasi.

USHAHIDI KUTOKA MOROGORO

Huenda mtu akasema maneno haya ni ya vitabuni, tena ya Ulaya. Ni kweli kwamba mtaalamu mmoja wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula tumboni, ndiye aliyejulikana sana kwa kuonyesha kwamba mbwa anayesikia mlio fulani kila kabla ya kupewa chakula, mwishowe hudondokwa na mate kwa kusikia mlio tu. Hiyo ndiyo asili ya lile neno letu "Vema!"

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa hapa Tanzania, Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000 shirika la APOPO lililoanzia Ubelgiji limekuwa likifundisha panya. Naam, panya! Ni yule panya buku, panya mkubwa tunayemjua mashambani. Panya hao wanafundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine kunusa makohozi ili kugundua wagonjwa wa kifua kikuu.

Wanafundishwaje? Kwa ndizi na karanga. Kwanza panya husikia mlio mdogo, kisha anapata chakula, mpaka aujue mlio ule kuwa ni ahadi ya malipo. Halafu anafundishwa harufu inayotakiwa. Akiikuta, anasikia mlio na kulipwa. Akikwangua mahali pasipo na kitu, hapati kitu. Hakuna fimbo. Baada ya miezi kadhaa ya kazi hiyo ya kila siku, panya anaweza kukagua uwanja na kukwangua juu ya bomu, naye kwa wepesi wake halilipui. Panya waliofunzwa Morogoro walishiriki kusafisha ardhi ya Msumbiji, nchi ambayo ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kuondoa mabomu yake yaliyojulikana. Panya mwingine wa Tanzania, jina lake Magawa, alifanya kazi Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Mpaka anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100.

Ndugu zangu, ikiwa panya buku ameweza kwa kipande cha ndizi, je, mbwa, aliyeishi na binadamu maelfu ya miaka?

CHAKULA GANI KITUMIKE

Kwa kazi ya kawaida ya nyumbani, vipande vya ugali mkavu wa jana, usiochacha, vinafaa. Kwa somo gumu zaidi, tumia kitu chenye harufu: dagaa waliochemshwa au kukaushwa bila chumvi nyingi, au vipande vidogo vya nyama iliyopikwa. Yai la kuchemsha nalo ni zuri, likatwe vipande na maganda yaondolewe, asije akalijua yai kwa sura yake.

Hapo kuna siri moja. Malipo yalingane na kazi. Kukaa mbele yako nyumbani ni kazi nyepesi, mlipe ugali. Kuacha kumfukuza kuku na kuja kwako ni kazi nzito sana kwake, mlipe dagaa. Dagaa wasitolewe bure bure kila saa, thamani yao itapungua.

Sasa vitu vya kuepuka. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, kwa hiyo mchuzi wenye vitunguu usiwe chakula chake. Zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yaliyochinjwa nyumbani yasitupwe mabichi kwa mbwa. Humo huwamo malengelenge yenye maji ambayo ni watoto wa tegu. Mbwa akiyala hupata tegu, hutoa mayai yake pamoja na mavi, na mtu akiyameza hupata uvimbe mkubwa kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huu umewasumbua sana wafugaji, kwa mfano huko Turkana, Kenya. Chemsha vitu hivyo si chini ya nusu saa tangu maji yanapotokota, au vifukie shimo refu asiloweza kulifukua.

Tena mahindi yaliyoota ukungu msimpe mbwa kwa kudhani kwamba yeye hana neno. Sumukuvu ile ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 humuua mbwa pia, kwa kuharibu ini lake.

Na wale ambao kwa taratibu za dini yao hawataki mate ya mbwa yawaguse, hakuna kizuizi. Tonge si lazima litolewe kwa mkono. Liangushe chini mbele ya miguu yako, au litilie katika kifuu cha nazi kilichotengwa kwa kazi hiyo. Mbwa ataelewa vile vile.

MASOMO YA KUANZIA

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa wa majuma manane anaweza kuanza. Lakini mbwa mzima naye hujifunza, msikate tamaa. Fundisha somo moja kwanza, likikaa ndipo uanze jingine.

Somo la kwanza ni kuja akiitwa. Anza hatua mbili tu, uani, pasipo na kelele. Taja jina lake mara moja, kisha "Njoo!" Akigeuka na kuanza kuja, sema "Vema!" Akifika, mlipe. Asipokuja usiite mara kumi, kwa kuwa neno litakuwa kelele tu. Nenda karibu zaidi, ujaribu tena. Kesho ongeza hatua tano. Juma lijalo jaribu nje ya boma. Na amri moja kuu: usimwite mbwa ili umpige, hata kama ameiba nyama yote ya sikukuu. Mbwa anayepigwa baada ya kuja hajui habari ya nyama, anajua kwamba amekuja akapigwa. Ukitaka kumfanyia jambo asilolipenda, kama kumwosha kwa dawa ya kupe, mfuate wewe alipo.

Somo la pili ni kuacha. Shika dagaa katika ngumi uliyoifunga, mwonyeshe ngumi. Atanusa, atalamba, atakwangua. Nyamaza. Mara tu atakaporudisha kichwa nyuma, sema "Vema!" na umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Si kile cha kwenye ngumi. Akielewa, ongeza neno "Acha" kabla ya kuonyesha ngumi. Kisha weka dagaa chini na uwe tayari kumfunika kwa mguu. Mwisho fanyia zoezi karibu na viota vya kuku, mbwa akiwa kwenye kamba. Anajifunza kwamba kuacha kuna faida kuliko kunyakua. Lakini wakati wa kufundisha, okoteni mayai mapema kila siku. Mchovya asali hachovyi mara moja, na kila yai analoiba ni mshahara aliojilipa mwenyewe.

Somo la tatu ni kushikwa. Hili ndilo la siku ya chanjo. Gusa sikio la mbwa kwa kidole, sema "Vema!", mlipe. Gusa bega, mlipe. Baada ya siku chache vuta ngozi ya bega polepole, mlipe. Shika paja, mlipe. Weka kamba shingoni nusu dakika, mlipe, ondoa. Hapa mpango ni muhimu: kugusa kwanza, chakula baadaye. Ukianza kwa kuonyesha chakula halafu ukamkamata, mbwa ataona chakula ni mtego, na siku nyingine hata nyama hataikaribia. Akikunja uso, akionyesha meno au akikaza mwili, umekwenda haraka. Rudi nyuma hatua moja. Mbwa aliyezoea kuuma watu asifanyiwe zoezi hili na watoto, na ni vizuri kupata ushauri wa bwana mifugo.

Somo la nne ni kutulia karibu na mifugo. Mfunge mbwa kamba, simama mbali na mbuzi, mahali ambapo anawaona lakini hajaanza kuvuta. Akiwatazama kisha akakugeukia wewe, "Vema!", mlipe. Sogea hatua moja. Akianza kuvuta na kubweka, umekaribia mno, rudi. Msiwe na haraka. Kazi hii yaweza kuchukua majuma kadhaa, lakini mbwa anayetembea na mbuzi bila kuwatia kiwewe ni mali. Ukiwa na mbwa wawili, mfundishe kila mmoja peke yake, la sivyo watagombea tonge.

KUPUNGUZA MALIPO

Watu huuliza, "Je, nitembee na dagaa mfukoni mpaka nife?" Hapana. Mbwa anapojifunza jambo jipya, mlipe kila anapolifanya sawasawa. Akishalijua, anza kuruka. Mlipe mara mbili katika tatu, kisha mara moja katika mbili, kisha mara moja moja bila mpango anaoweza kuukisia. Zile mara nyingine mpe sifa kwa sauti nzuri au umkune shingo.

Msidhani atalegea. Mtazameni mvuvi. Hapati samaki kila anapotupa ndoana, lakini kwa kuwa hajui ni mara ipi itakayoleta samaki, anatupa tena. Mbwa naye hufanya hivyo. Ila usiache kulipa kabisa. Na kuja anapoitwa kulipwe mara nyingi zaidi kuliko mambo mengine, maana siku moja neno hilo litamtoa mbele ya gari au mbele ya mbwa mwenye kichaa.

MAKOSA YANAYOONEKANA MARA KWA MARA

La kwanza, kila mtu nyumbani ana neno lake. Baba anasema "Kaa", mama anasema "Tulia", watoto wanasema "Shika adabu". Mbwa hajui Kiswahili, anajua milio. Kubalianeni neno moja kwa kila kazi.

La pili, kumdhihaki mbwa kwa chakula. Watoto humwonyesha mfupa, wakauficha, wakacheka. Mbwa wa namna hiyo hujifunza kunyakua na kuuma. Tena watoto wasimsogelee mbwa anapokula, na mtu mzima asimnyang'anye bakuli. Akishika kitu asichotakiwa kukishika, mbadilishie kwa kitu bora.

La tatu, kulipa bila kufikiri. Kila tonge linalomfikia mbwa ni malipo ya jambo alilokuwa akifanya dakika hiyo. Kabla hujatupa ukoko, tazama: anafanya nini sasa? Je, unataka alifanye tena kesho?

La nne, kudhani kwamba mbwa aliyefundishwa hawezi kulishwa sumu. Wezi hutupa nyama yenye sumu usiku. Somo la "Acha" husaidia ukiwapo, lakini wewe umelala, nani atasema "Acha"? Kwa hiyo mzoeshe kula mahali pamoja, kwenye chombo chake, aende kulala akiwa ameshiba, na usiku abaki ndani ya uzio.

MAZOEZI YA JUMA HILI

Ndugu wakulima, tumesema mengi, lakini kazi ya juma hili ni ndogo. Chagueni neno la malipo, nyumba nzima ilijue. Kateni sehemu ya ugali wa mbwa iwe vipande. Dakika tatu asubuhi, dakika tatu jioni: "Vema!" na tonge, halafu jina lake na "Njoo". Juma la pili, anza kugusa sikio na bega. Juma la tatu, kamba. Wengi wenu mtaona tofauti kabla mwezi haujaisha.

Halafu nendeni ofisi ya mifugo iliyo karibu nanyi, mkaulize siku ya chanjo. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, bwana mifugo atawaeleza utaratibu. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi chanjo hutolewa siku zile. Msisubiri tarehe hiyo kama chanjo inapatikana mapema.

Na ikitokea mtu ameumwa au amekwaruzwa na mbwa, hata mbwa mnayemjua, oshani jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msimngoje mbwa aonyeshe dalili.

Siku ya chanjo chukueni kamba, na mfukoni muweke dagaa kumi. Mbwa akisimama akachomwa sindano bila kumuuma mtu, huyo amefanya kazi kubwa. Semeni "Vema!", na mlipeni dagaa wote kumi hapo hapo.

Maswali yenu tuleteeni kama kawaida. Mpaka juma lijalo, tutakapozungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiote ukungu, nawatakia kazi njema. Kwaherini.